Begi jepesi na lita saba za maji: lipi linabeba vizuri kusini kwetu?

Vijana wa Mtwara na Lindi walioanza kutembea porini huniuliza swali moja kuliko yote: begi gani jepesi ninunue? Jibu langu huanzia kwenye maji. Uwanda wa Makonde una udongo wa kichanga unaonyonya mvua yote, kwa hiyo huko juu vijito hakuna. Chemchemi ziko chini, pembezoni mwa mabonde. Bibi zetu waliamka alfajiri, wakateremka kuchota, wakapanda tena na ndoo kichwani. Leo mabomba yamefika vijiji vingi, lakini ukishakiacha kijiji cha mwisho na kushika njia ya msituni, au ukiteremka ukingo wa Newala kuelekea bonde la Ruvuma, utakunywa ulichobeba.

Piga hesabu pamoja nami. Mzigo wangu wa siku tatu, nikiutundika kwenye mizani ya kuning'iniza, ile ya kupimia korosho, unasoma hivi: hema, neti, kitu cha kulalia, sufuria, nguo na dawa ni kilo 6. Chakula ni kilo 2. Maji ni lita 7, na lita moja ni kilo moja. Jumla kilo 15, begi lenyewe bado. Jioni ya siku ya kwanza zinabaki kilo 11 hivi. Kwa hiyo begi la huku linatakiwa asubuhi libebe kama punda, na jioni lisiwe gunia nusu tupu linaloyumba mgongoni. Mabegi mengi yanayosifiwa kwa wepesi yanaiweza jioni. Asubuhi yanashindwa.

Kilo 10 na kilo 15 ni vitu viwili

Mpaka kilo 9 au 10, karibu kila begi lililokukaa sawa ni zuri. Ukijaribu dukani likiwa na nguo mbili ndani, yote ni mazuri. Tofauti huanza kuonekana kwenye kilo 12, na kwenye 15 hazifichiki tena. Sababu iko mwilini. Mtu hubeba uzito mkubwa bila kuumia pale uzito unaposhuka kupitia mifupa: uti wa mgongo, nyonga, miguu. Bega ni misuli, na chini ya mtulinga inapita mishipa ya damu na neva za mkono. Mkanda ukikandamiza hapo saa tatu mfululizo, vidole vinaanza kufa ganzi.

Bibi yangu mzaa mama, mtu wa Newala, alilieleza hili vizuri kuliko mimi. Nilipita kumsalimu nikiwa na begi jipya limejaa. Nikamwamkia, akaitikia, akalizunguka, akalivuta kidogo kwa nyuma. "Mjukuu wangu," akasema, "mbona mzigo wako unakuvuta nyuma? Wa kwangu ulikuwa unanikaa katikati." Ndoo ikikaa juu ya kata kichwani inasimama wima juu ya uti wa mgongo, haivuti mbele wala nyuma. Watafiti waliowapima wanawake wa Kijaluo nchini Kenya walichapisha katika jarida la Nature mwaka 1986 kwamba wanawake hao waliweza kubeba kichwani hadi asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila kuongeza nguvu wanazotumia kutembea.

Begi haliwezi kufanya hivyo kwa sababu liko nyuma. Kila kitu kilichobuniwa juu yake, yaani fremu, mkanda wa nyonga, vikamba vinavyovuta kutoka juu ya bega, kimewekwa ili kuurudisha uzito kwenye mifupa. Mmarekani Dick Kelty alianza kuuza mabegi yenye fremu ya alumini huko California mwaka 1952, na yeye hutajwa sana kwa kuufanya mkanda wa nyonga ubebe mzigo. Miaka ya 1990 Mmarekani mwingine, Ray Jardine, akawashawishi wengi kuviondoa vyote hivyo: fremu nje, mkanda nje. Lakini Jardine alianza kwa kupunguza mzigo wenyewe, ndipo akasema fremu haina kazi. Wengi tumelishika neno la pili na kuliacha la kwanza.

Lisilo na fremu

Hili ni mfuko na mikanda, mara nyingi gramu 400 hadi 600. Ugumu wa mgongo unatoka kwenye godoro la sponji unalolikunja na kuliweka ndani. Ukiwa na kilo 9 ni raha tupu: linakaa karibu na mwili, halichezi, unakimbia nalo ukitaka. Mimi bado ninalo kwa safari ya siku moja, kama kutoka kijiji cha Msimbati kwenda Ruvula kwa kupita mchangani, lita 3 za maji na chakula cha mchana.

Kosa nililifanya kwenye uwanda wa Rondo, huko Lindi. Nilipanda nalo likiwa na kilo 14. Saa ya kwanza sikuona shida. Ilipofika saa nne asubuhi mgongo wa begi ulikuwa umejikunja kama mkeka uliolowa. Sehemu ya juu ilishuka vidole vitatu hivi, mkanda wa nyonga ukabaki umelegea tumboni bila kazi, na kilo zote zikahamia mabegani. Nilikaza mkanda, nikaukaza tena, haikusaidia, kwa sababu hakukuwa na kitu kigumu cha kuupokea uzito kutoka juu na kuuteremsha kiunoni. Kidole gumba cha mkono wa kulia kilikaa siku mbili bila hisia. Begi halikuwa na hitilafu yoyote. Nililipatia kazi ambayo aina yake haiiwezi, na ndiyo maana naandika haya kabla wewe hujapanda.

Yenye papi ndani

Kama unabeba maji, pesa yako naielekeza hapa. Haya ni mabegi mepesi ambayo ndani ya mgongo yana upapi wa alumini, yaani ufito bapa mgumu, au kitanzi cha nyuzi za kaboni, au vyote viwili. Mengi yana uzito usiofika kilo 1 au unaoizidi kidogo. Papi hizo zinafanya kazi moja ambayo sponji haiiwezi: haziruhusu begi kufupika. Begi lisipofupika, mkanda wa nyonga unabaki mahali pake na uzito unateremka.

Mfano unaojulikana ni Mariposa 60 ya Gossamer Gear (namba ni ujazo wa begi kwa lita), yenye uzito usiofika kilo 1 au kuikaribia, kutegemea saizi. Kampuni inashauri usizidishe kilo 16. Circuit ya ULA ni nzito kidogo, inazidi kilo 1, na kikomo chake ni hizo hizo kilo 16. Kwenye karatasi zinalingana, lakini kwa mtu anayeanza asubuhi na kilo 15 ningemwambia achukue Circuit. Upapi wake wa alumini unashirikiana na kitanzi cha kaboni kinachozunguka mgongo, hivyo begi halitanuki na kuwa duara kama pipa linapojazwa. Mkanda wake wa nyonga umejazwa sponji ya kutosha na unakumbatia mfupa badala ya kukata nyama. Mariposa ningempa mtu wa kilo 11 hadi 13. Mifuko yake ya nje ni mingi na imepangwa vizuri mno, hasa ule mrefu wa ubavuni, na mtu wa mzigo wa kadiri ataufurahia kila siku.

Arc Haul ya Zpacks ndiyo nyepesi kuliko hizo, na bado kampuni inairuhusu hadi kilo 18 hivi. Nyuzi zake za kaboni zimepindwa kama upinde ili mgongo upate hewa. Ni kazi ya ufundi, lakini fikiri juu ya boda boda. Begi linafungwa kwa mpira nyuma ya pikipiki kilomita 30 za makorongo kabla hujaanza kutembea hata hatua moja, na kaboni haipindi kama alumini, inavunjika. Alumini ikipinda unainyoosha gotini. Kwa barabara zetu hilo si jambo dogo. Durston, kampuni ya Canada, ina Kakwa 55 yenye fremu ya alumini ya umbo la herufi U iliyopinduliwa, ambayo miguu yake inaingia kwenye mkanda wa nyonga. Kwangu hayo ni mawazo sahihi, maana uzito haupiti kwenye kitambaa, unashuka kwenye chuma hadi mfupani.

Hilo la mwisho likague kwenye begi lolote, la kampuni yoyote. Pitisha mkono ndani utafute upapi unaishia wapi. Ukiishia kwenye mfuko wa kitambaa juu ya mkanda, kitambaa kitalegea na uzito utabaki njiani. Ukiingia nyuma ya mkanda, au ukafungwa nao, hilo ni begi la kubeba. Kisha angalia juu. Vile vikamba vifupi vinavyotoka juu ya bega kwenda kwenye begi vinatakiwa kupanda kwa mshazari, nusu kati ya kulala na kusimama, na vifike mahali penye fremu. Mabegi mepesi mengi yanavyo kama pambo. Vimeshonwa kwenye kitambaa kitupu, fremu imeishia chini ya bega, na ukivivuta unakunja nguo tu. Kwa kilo 10 haidhuru. Kwa kilo 15 ndivyo vinavyokuinulia mzigo kutoka begani kila baada ya nusu saa, unapokaza na kulegeza ili kubadilisha pa kuumia.

Na upapi wa alumini unapindika kwa mkono. Utoe, simama wima, mtu akuwekee mgongoni, uone penye pengo. Upinde kidogo kidogo gotini mpaka ufuate mbonyeo wa kiuno chako. Watu wananunua begi la bei kubwa na kulibeba miaka miwili upapi ukiwa umenyooka kama ulivyotoka kiwandani, halafu wanalilaumu.

Ya wavu mgongoni

Kuanzia Desemba hadi Machi pwani ya Lindi ni joto lenye unyevu, na begi linalolala mgongoni linakuacha umelowa kabla ya saa tatu asubuhi. Kwa hiyo naelewa kwa nini watu wanayapenda mabegi yenye wavu uliokazwa kwenye fremu, mgongo wako ukigusa wavu tu na hewa ikipita nyuma yake. Exos 58 ya Osprey ni ya aina hii, kilo 1.3 hivi. Ndugu yake mkubwa, Atmos AG 65, inafika kilo 2, na wavu wake unaendelea bila kukatika hadi kuzunguka nyonga.

Gharama ya hewa hiyo ni umbali. Ili pengo liwepo, mzigo lazima usogezwe nyuma sentimita kadhaa, na kilo 15 zikisogea nyuma kiasi hicho, mwili unalipa kwa kuinama mbele. Hapo ndipo maneno ya bibi yananirudia. Kwenye njia tambarare kando ya mikorosho hutajua. Kwenye mteremko wa Newala, kwenye mawe na mizizi, kila hatua ya kushuka begi linachelewa nusu sekunde kukufuata, na magoti yanalijua. Tena fremu hizi zimepinda kuelekea ndani ya begi, kwa hiyo vyombo vya maji havilali karibu na uti wa mgongo. Vinasukumwa mbali zaidi.

Exos, kwa maoni yangu, ni begi tamu sana la kilo 12 au 13 wakati wa joto. Ningelichagua bila kusita kwa mtu anayetembea Kilwa au Mikindani na kulala kijijini, penye kisima kila jioni. Kwa lita 7, hapana. Atmos ni mjadala mwingine. Lina fremu na mkanda wa kubeba kilo 17 au 18 bila kukuonea, pengo na yote. Lakini kilo yake ya ziada juu ya Circuit ni lita moja ya maji, na lita moja huko juu ni nusu siku ya mtu anayejua kunywa kwa kiasi. Kama mzigo wako hauzidi 15, chukua maji. Kama kila safari unazidi 17 kwa sababu unabeba kamera, au dawa za kundi, au sampuli za mimea, wepesi wa begi hautakufaa kitu. Chukua Atmos au linalofanana nalo.

Juu ya kilo 20 kuna fremu za nje. Seek Outside ya Colorado hutengeneza mabegi ya namna hiyo yenye fremu ya mabomba ya alumini, yanayopendwa na wawindaji wanaotoa nyama porini, na uzito wake bado si wa kutisha. Nayataja ili ujue yapo. Lakini mtu anayefikisha kilo 20 kwa matembezi ya siku tatu, ningemwomba kwanza afungue begi tuone. Ninapopeleka watu upande wa Tendaguru, kilomita 60 hivi kutoka Lindi mjini, huwakumbusha kwamba kati ya 1909 na 1913 wapagazi wa huku walisafirisha hadi bandari ya Lindi zaidi ya tani 200 za mifupa ya dinosaria na mawe yaliyoishika, kwa miguu, mwendo wa siku nne hivi. Mizigo waliigawa. Vipande vikubwa vilifungwa kwenye mti na kubebwa na watu kadhaa. Sufuria ya kundi na hema la watu watatu navyo vinagawika.

Maji yenyewe yakae wapi

Begi bora linaharibika kwa dumu la lita 5. Dumu ni pana, linasukuma vitu vyote nje, na likifika nusu linachezacheza kila hatua. Tumia chupa nyembamba za dukani za lita moja na nusu. Zenyewe hazina uzito wa kusema. Zisimamishe ndani, nne kwa mstari, zikigusa mgongo wa begi kati ya mabega na kiuno, na nguo ziwe nyuma yake kuzibana. Unakunywa moja mpaka iishe, unaikandamiza, unaiweka kando usiitupe. Moja tu ikae mfuko wa ubavuni. Mpangilio huu peke yake umewahi kunifanya niamini nimesahau maji nyumbani, nikarudi kufungua begi kuhakikisha.

Urefu wa mgongo kabla ya jina la kampuni

Saizi ya begi haifuati urefu wa mtu. Inamisha kichwa, gusa mfupa unaotokeza chini ya shingo. Weka mikono juu ya mifupa ya nyonga, vidole gumba vielekee nyuma, na mahali vinapokutana ndiyo nukta ya pili. Mwambie mtu apime kati ya nukta hizo mbili kwa futi ya fundi cherehani. Hizo sentimita ndizo saizi yako. Nimeona vijana warefu wenye mgongo wa sentimita 44 na wafupi wenye 50. Begi la saizi isiyo yako, hata liwe la bei gani, kwenye kilo 15 litakaa kama halina fremu. Dada zangu, kuna na jambo la mikanda ya mabega: ile iliyonyooka hubana kifua au kukata kwapani. ULA, kwa mfano, hutoa mikanda ya umbo la herufi S na ya umbo la J, na ya S huwakaa wanawake wengi vizuri zaidi. Uliza kabla ya kuagiza, kwa sababu kurudisha begi ng'ambo ukiwa Mtwara ni gharama na ni miezi.

Wengi wetu hatutaagiza, tutakwenda mitumbani. Sioni ubaya. Kwenye marobota huja mashanta ya Ulaya ya kilo 2 na zaidi, yenye papi mbili nene za alumini, na kwa kilo 15 yanabeba vizuri kuliko begi jipya jepesi lisilo na fremu. Nusu ya uzito wao wa ziada unaweza kuutoa kwa mkasi na kisu: kifuniko cha juu, mifuko ya ndani, kamba za kufungia shoka la barafu ambazo huku hazina kazi. Papi usiziguse, wala mkanda wa nyonga. Kabla ya kulipa, bonyeza sponji ya mkanda. Ikibaki na alama ya kidole imekufa, na itakukata. Vuta mishono ya juu ya mabega kwa nguvu zote, kwani ndiyo inayoachia. Ukiona ndani panabanduka unga mweupe, lirudishe, maana mvua ya Machi itapita moja kwa moja.

Kisha muombe muuzaji, ukimwachia kitu cha thamani kama dhamana, akuruhusu utoke nalo. Weka chupa kumi za lita moja na nusu zilizojaa, panda nalo kilima chochote ulicho nacho karibu kwa saa nzima, usikubali dakika kumi za sokoni. Ukirudi vua shati, mtu akuangalie. Wekundu ukiwa juu ya nyonga na mabega yakiwa safi, lipia. Ukiwa juu ya mabega, pandisha au shusha mikanda ujaribu mara moja zaidi, na kama bado, mwachie begi lake.